Robert Koch: Daktari Aliyevitegea Vijidudu Chambo

Mvuvi wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba kila samaki ana chambo chake. Anayekwenda kuvua changu hachukui vitu vile vile anavyochukua yule anayemfuata nguru kwenye maji makuu. Hekima hiyo ya ngalawani ndiyo inayotumika leo katika maabara za afya, pale mkaguzi anapoletewa maziwa, kipande cha samaki au mabaki ya pilau iliyowaharisha watu wa arusi, akaambiwa atafute kilichowadhuru.

Kazi hiyo si nyepesi. Ndani ya tonge moja la chakula mwaweza kuwa na vijidudu vya namna nyingi, na vilivyo vingi havina madhara yoyote. Kinachotafutwa huenda kikawa kimoja katika maelfu, wala hakionekani kwa macho. Basi mkaguzi hakifukuzii, bali hukitegea chambo. Huandaa chakula ambacho kijidudu anachokitaka kitakipenda na kuota juu yake, na ambacho vijidudu vingine vikikigusa vitadumaa au kufa. Chakula hicho twaweza kukiita chakula teule.

Ufundi huu haukuzuka kwa siku moja, wala si kazi ya mtu mmoja. Lakini ukiufuata mto huu mpaka kwenye chemchemi yake, utamkuta Mjerumani mmoja mwenye ndevu na miwani, Robert Koch. Jina lake si geni katika sehemu zetu, maana alifika Dar es Salaam zaidi ya mara moja na akaishi katika visiwa vya Sese huko Uganda. Maisha yake yana mengi ya kumsifu, na yana machache ambayo si haki kuyafunika.

MTOTO WA MJI WA MIGODI

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi, na nyumba yao ilijaa watoto. Yasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka mitano aliwashangaza wazazi wake kwa kuwaonyesha kuwa amekwisha kujifundisha kusoma, bila mwalimu, kwa kutumia magazeti tu.

Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, na baada ya muda mfupi akashika masomo ya udaktari. Mmoja wa walimu wake alikuwa Jakob Henle, mtu aliyekuwa amekwisha andika tangu mwaka 1840 kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo mno. Zama hizo madaktari wengi walishika rai kwamba maradhi hutokana na hewa mbaya itokayo kwenye vinamasi na uvundo, na maneno ya Henle yalikuwa kama ndoto isiyo na ushahidi. Ushahidi huo ulikuja kuletwa na mwanafunzi wake.

Koch alipata shahada yake mwaka 1866, na mwaka uliofuata akamwoa Emmy Fraatz, wakajaliwa binti mmoja, Gertrud. Vita vya Ujerumani na Ufaransa vilipozuka mwaka 1870 alijitolea kwenda kutibu majeruhi. Baada ya hapo, mwaka 1872, akawekwa kuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo umo katika nchi ya Poland.

MAJI YA JICHO LA NG'OMBE

Huko Wollstein hapakuwa na maabara, wala chuo, wala wenziwe wa kushauriana nao. Palikuwa na wakulima na mifugo yao, na palikuwa na kimeta, ugonjwa ambao uliwaangusha kondoo na ng'ombe ghafula na kuwaua pia watu waliowashika au kuwala. Wasomaji wetu, ambao dini imewakataza kula nyamafu, wataelewa upesi uzito wa jambo hili: mchinjaji aliyeuza nyama ya mnyama aliyejifia alikuwa akiuza mauti.

Koch aligawa chumba chake cha kutibia kwa pazia. Upande mmoja alipokea wagonjwa, na upande wa pili aliweka darubini aliyopewa na mkewe pamoja na panya wa majaribio. Sindano nzuri hakuwa nazo, kwa hiyo alitumia vijiti vyembamba vilivyosafishwa kwa moto, akavichovya katika damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, kisha akawachanja panya. Panya wakafa, na damu yao ikaonekana kujaa vijiti vidogo vidogo.

Lakini je, vijiti vile ndivyo vilivyoua, au ni kitu kingine kilichokuwamo katika damu? Ili ajue, ilimbidi avioteshe mbali na damu. Hapo ndipo alipotafuta chakula chake cha kwanza cha kuoteshea, na alichokipata ni maji safi yaliyomo ndani ya jicho la ng'ombe. Katika tone la maji hayo aliviona vijiti vikirefuka vikawa nyuzi, na ndani ya nyuzi zile zikatokea chembe ngumu mfano wa mbegu. Mbegu hizo ndizo zinazoweza kulala ardhini miaka mingi na kuamka pindi mnyama anapozila. Siri ya malisho yaliyolaaniwa ikafichuka.

Mwaka 1876 alikwenda Breslau kwa bingwa wa mimea, Ferdinand Cohn, akamwonyesha majaribio yake kwa siku kadhaa. Wakubwa wa elimu waliokuwapo walimwona daktari wa shamba asiyejulikana, na walipoondoka hapo walikuwa wamemwamini.

KIAZI NA CHAINA GRASI

Mwaka 1880 Koch aliitwa Berlin, katika Idara ya Afya ya dola. Hapo alikabili shida iliyowasumbua wote waliochunguza vijidudu. Desturi ilikuwa kuviotesha ndani ya mchuzi wa nyama. Sasa, mchuzi ni kama soko siku ya gulio: wote huingia na kuchanganyika, na anayetaka kumjua mmoja hawezi kumtenga na wenzake. Mtu alidhani ana kijidudu kimoja, kumbe anavyo vitano.

Ufumbuzi ulitoka jikoni. Koch alitazama kipande cha kiazi kilichochemshwa, kikakatwa na kuachwa wazi, akaona juu yake madoa madogo madogo, kila doa na rangi yake. Alipoyatazama kwa darubini aligundua kwamba kila doa lina vijidudu vya namna moja tu. Juu ya kitu kigumu kijidudu hakiwezi kuogelea kwenda kwa jirani. Kikidondoka mahali, hukaa hapo hapo na kuzaa, na watoto na wajukuu wake hurundikana kama mji uliotoka kwa babu mmoja. Doa moja, ukoo mmoja. Katika neno hilo dogo ndimo ilimojengwa elimu nzima ya vijidudu.

Kiazi hakikuwafaa vijidudu wote, kwa hiyo Koch alichukua mchuzi wa nyama akauganda kwa gelatini, ile inayotokana na mifupa na ngozi za wanyama. Mwaka 1881 alionyesha ufundi huo London mbele ya mkutano wa madaktari wa mataifa, na hata Mfaransa Louis Pasteur, aliyekuwa mshindani wake mkubwa, alimpongeza. Lakini gelatini ilikuwa na kasoro. Joto likizidi kidogo huyeyuka, na vijidudu vya maradhi ya binadamu hupenda kuota katika joto la mwili, yaani digrii 37. Isitoshe, kuna vijidudu vinavyoila gelatini yenyewe na kuifanya maji.

Aliyeleta dawa ya tatizo hili hakuwa daktari wala profesa. Alikuwa mke wa daktari. Fanny Hesse, mzaliwa wa New York, alikuwa akimsaidia mumewe, Walther Hesse, aliyekuja kufanya kazi na Koch mwishoni mwa mwaka 1881. Mumewe alipolalamika kwamba gelatini yake yayeyuka wakati wa hari, akataka kujua kwa nini vitu vitamu vya mkewe havimwagiki. Fanny akamweleza kwamba yeye hutumia agari-agari, ugandisho utokao katika mwani, ambao aliujua tangu ujana wake kwa jirani aliyewahi kukaa Java.

Mama zetu wa pwani wanaifahamu agari-agari kwa jina la chaina grasi, na mara nyingi imegandishwa pamoja na maziwa na sukari ikaliwa wakati wa kufuturu. Mwani wake si ule unaolimwa Unguja na Kwale, maana huo hutoa kitu kingine. Agari ikichemshwa huyeyuka, ikipoa huganda, na ikiisha kuganda haiyeyuki tena mpaka ikaribie kuchemka. Vijidudu karibu vyote haviwezi kuila. Ni sinia lisilolika, ambalo juu yake mtu aweza kuandaa chakula chochote atakacho.

Koch aliitumia agari na kuitaja katika maandiko yake ya mwaka 1882 kwa maneno machache, pasipo kumtaja Fanny wala mumewe. Wawili hao hawakupata mali kwa uvumbuzi huo. Fanny alifariki mwaka 1934, wakati maabara za dunia nzima zikitumia kitu alichokitoa jikoni mwake. Mwaka 1887 msaidizi mwingine wa Koch, Julius Richard Petri, alitengeneza kisahani cha kioo chenye kifuniko, na kisahani hicho kingali kikiitwa kwa jina lake.

KUTOKA ISKANDARIA MPAKA CALCUTTA

Tarehe 24 Machi 1882 Koch alisimama mbele ya wenziwe mjini Berlin akatangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Kazi hiyo ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Lakini kwa mambo ya chakula na maji, safari yake ya mwaka uliofuata ina maana kubwa zaidi.

Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri. Ufaransa na Ujerumani kila moja ilituma kundi la wataalamu mpaka Iskandaria. Kijana mmoja wa Kifaransa, Louis Thuillier, alishikwa na ugonjwa ule ule aliokuja kuuchunguza, akafa mwezi Septemba. Koch na wenzake, ingawa nchi zao zilikuwa na uhasama, walishiriki katika maziko yake. Ugonjwa ulipopungua Misri, Koch aliufuata mpaka nyumbani kwake, Bengal. Huko Calcutta, mapema mwaka 1884, alikiotesha kijidudu chenye umbo lililopinda kama alama ya mkato, akakipata kwa wagonjwa na pia katika bwawa ambalo watu walilitumia kwa kunywa na kufulia. Mtaliano Filippo Pacini alikuwa amekwisha kukiona mwaka 1854, ila dunia haikumsikiliza. Aliporudi Berlin, Koch alipokewa kama jemadari aliyeshinda vita, akatunukiwa marka 100,000.

Historia ya kijidudu hiki ina sura inayowagusa Waislamu. Mwaka 1905 daktari Felix Gotschlich alikuwa katika karantini ya Tur, kwenye rasi ya Sinai, ambako mahujaji waliotoka Makka walizuiwa kabla ya kuendelea na safari. Katika kuwachunguza mahujaji alipata aina ya kijidudu cha kipindupindu ambayo ikapewa jina la mahali hapo, El Tor. Mwaka 1961 aina hiyo ilianza kuenea kutoka Indonesia, mwaka 1970 ikaingia Afrika, na mwaka 1971 ikafika Kenya. Aliyeona kipindupindu katika nchi yetu tangu hapo ameiona kazi ya El Tor.

MJI ULIOKUNYWA MAJI YA MTO

Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, bandari kubwa ya Ujerumani. Kwa muda wa majuma machache watu wapatao 8,600 walikufa. Jirani yake palikuwa na mji wa Altona, na mipaka ya miji hiyo miwili ilikuwa ni barabara tu. Yote ilikunywa maji ya mto Elbe, na Altona iliyateka chini zaidi, baada ya uchafu wa Hamburg kuingia. Hata hivyo Altona iliokoka kwa kiasi kikubwa. Tofauti ilikuwa moja: Altona iliyachuja maji yake kwa mchanga, na Hamburg haikuyachuja.

Koch alitumwa kusimamia mapambano. Katika kazi hiyo aliweka kipimo ambacho maji yaliyochujwa hayakupaswa kukipita, yaani vijidudu 100 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kwa hesabu ya madoa yaliyoota juu ya kisahani. Ndipo usafi ulipotoka katika maneno ya kukisia ukawa tarakimu. Maji meupe machoni hayakuwa tena hoja.

Mwaka 1893 alieleza pia namna ya kukinasa kijidudu cha kipindupindu kikiwa kichache katikati ya umati wa wengine. Aliweka uchafu wa mgonjwa, au maji yaliyoshukiwa, ndani ya maji yenye peptoni, chakula kitokanacho na nyama iliyosagika mfano wa inavyosagwa tumboni. Maji hayo hayakuwa na ukali wa siki, bali yalielekea upande wa magadi. Kijidudu cha kipindupindu hupenda hali hiyo, huzaa upesi kuliko vingine, na kwa sababu hupenda hewa hupanda juu. Baada ya saa chache mchunguzi huchota utando wa juu tu. Kilichokuwa haba kimekuwa kingi, na kimejitenga chenyewe. Hicho ni chakula teule katika utoto wake.

NYEKUNDU NA BULUU

Mwaka 1902 Koch alipata adui mwingine, homa ya matumbo, iliyokuwa ikiwasumbua watu wa kusini magharibi ya Ujerumani. Tatizo la homa hii ni kwamba kijidudu chake kinafanana mno na kijidudu cha koli, ambacho hukaa tumboni mwa kila mtu mwenye afya. Kwa darubini huwezi kuvipambanua.

Mwaka huo huo wanafunzi wake wawili, Wilhelm von Drigalski na Heinrich Conradi, walitoa jibu. Katika agari walitia vitu vitatu. Cha kwanza ni rangi ya zambarau iitwayo kristali violeti, ambayo huvizuia vijidudu vingi visivyo vya tumboni. Cha pili ni sukari ya maziwa. Cha tatu ni litmasi, rangi inayogeuka nyekundu panapotokea ukali. Koli huila sukari ile na kutoa ukali, kwa hiyo doa lake huwa jekundu. Kijidudu cha homa ya matumbo hakiwezi kuila, na doa lake hubaki la buluu. Mwenye macho akatazama akajua.

Kwa chambo hicho watu wa Koch walipita vijijini karibu na mji wa Trier, wakapima wagonjwa na wasiokuwa wagonjwa. Walichokipata kiliwashtua. Palikuwa na watu waliopona zamani, wala hawaumwi popote, lakini wakibeba ugonjwa matumboni mwao na kuutoa kila siku. Mtu wa namna hiyo akipika bila kunawa vizuri huwagawia wengine mauti kwa mkono wa ukarimu. Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka michache baadaye, mwaka 1907, jambo hilo lilijulikana dunia nzima kwa kisa cha Mary Mallon, mpishi wa New York, aliyeambukiza nyumba alizozipikia hali yeye mwenyewe ni mzima.

Uingereza nako Alfred MacConkey, aliyekuwa akichunguza maji machafu kwa ajili ya tume ya serikali, alitumia akili kama hiyo kwa njia nyingine. Mwaka 1900 alitia chumvi za nyongo katika chakula chake. Vijidudu vya tumboni vimezoea kuishi penye nyongo, havijali. Vile vya udongo, vumbi na ngozi huangamia. Baadaye ikaongezwa rangi inayogeuka waridi penye ukali. Agari ya MacConkey ingali inapikwa kila siku katika maabara za hospitali, na anayeiona ikiwa na madoa ya waridi baada ya kupandwa maji ya kisima, ajue kwamba huenda choo kimekaribia kisima kupita kiasi.

MAKOSA YA BINGWA

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 1890, akiwa katika kilele cha sifa, Koch alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu. Aliiita tuberkulini, akaficha namna ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila upande. Dawa haikuponya, na wengine iliwadhuru na kuwaua. Leo tuberkulini hutumika kupimia tu, si kutibia. Ndoa yake nayo ilivunjika, na mwaka 1893 akamwoa Hedwig Freiberg, aliyekuwa mdogo sana kwake kwa umri.

Kosa la pili lilihusu maziwa. Mwaka 1901, mjini London, alishika kauli kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa binadamu. Waingereza waliunda tume, ikafanya kazi kwa miaka kumi, na ikathibitisha kinyume chake: maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa humwambukiza mtu, na watoto hasa. Mtu aliyewafundisha walimwengu kutoliamini jicho bila kipimo alikuwa ameiamini rai yake kabla ya kuipima vya kutosha.

La tatu ndilo zito zaidi kwetu. Koch alifika Dar es Salaam mwaka 1897 akakaa mpaka mwaka uliofuata, akichunguza malaria na maradhi ya mifugo. Mwaka 1905 alirudi, akaonyesha kwamba homa ya vipindi huletwa na papasi, wale kupe wa nyumba za udongo, na kwamba papasi huwarithisha watoto wake kijidudu kupitia mayai. Mwaka 1906 akaja tena kwa ajili ya malale, akapiga kambi katika visiwa vya Sese, ambako watu walikuwa wakifa kwa wingi. Huko aliwadunga wagonjwa dawa ya atoksili, yenye asili ya zarniki, na ilipokosa nguvu akazidisha kipimo. Baadhi yao walipofuka macho, wala hawakuona tena. Watu wale walikuwa chini ya ukoloni, na hiari yao haikupewa uzito. Mtu hawezi kuyasoma maisha ya Koch kwa insafu akaruka ukurasa huo.

Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin katika taasisi aliyoiongoza, ambayo leo inaitwa kwa jina lake.

URITHI MEZANI PETU

Tangu hapo vyakula teule vimeongezeka na kila kimoja kina shabaha yake. Mwaka 1963 Wajapani walitengeneza agari yenye nyongo na sukari ya kawaida, ambayo juu yake kijidudu cha kipindupindu huota doa la manjano. Ipo pia ya kunasa salmonela, kijidudu cha kuku, mayai na nyama, ambacho doa lake hutoka na kiini cheusi.

Anayepima salmonela katika chakula hufuata utaratibu ambao mpishi yeyote angeuelewa. Huchukua gramu 25 za chakula na kuziloweka katika maji ya peptoni yasiyo na sumu yoyote. Sababu ni kwamba kijidudu kilichokaa kwenye barafu, chumvi au ukavu huwa kimedhoofika, na chambo kikali kingekiua kabla hakijaonekana. Ni kama mgonjwa aliyetoka kitandani, huanza kwa uji. Siku ya pili, kikisha kupata nguvu, ndipo hutiwa katika maji makali yanayovizuia vingine. Siku ya tatu hupandwa juu ya agari teule, na mchunguzi hungoja rangi. Hata hapo hasemi neno mpaka ahakikishe kwa vipimo vingine. Subira hiyo ya siku kadhaa ndiyo inayotenganisha ushahidi na uvumi, na muuza chakula asiye na hatia huokolewa nayo kama vile mwenye hatia anavyofichuliwa.

Dini yetu imetutaka tule kilicho halali na kilicho kizuri, na mambo hayo ni mawili. Nyama yaweza kuwa imechinjwa barabara, kwa kisu kikali na jina la Mwenyezi Mungu, kisha ikaharibiwa na mkono usionawa, maji ya kisima kibovu, au saa nyingi za kukaa juani nje ya ukumbi wa arusi. Uhalali wake haukuizuia kudhuru.

Hapa Kenya anayepika chakula cha kuuza hutakiwa awe na cheti cha afya. Kazi ya Drigalski na Conradi katika vijiji vya Trier ndiyo inayotueleza sababu: anayebeba ugonjwa hana alama usoni, na huenda yeye mwenyewe hajui. Mpishi aliyepimwa kweli hana haja ya kuona haya, hata kisahani kikitoa doa baya, kwa kuwa siku hizi homa ya matumbo ina dawa. Lakini cheti kilichopatikana kwa kutoa pesa dirishani, bila mtu kupimwa, ni karatasi tu, na vijidudu havisomi karatasi.